Dozi ya Mkojo, Ugonjwa wa Mapafu

Msichana wa chuo akienda kupima, awe na homa, maumivu ya kiuno au uchovu tu wa mitihani, ni nadra kurudi hosteli bila U.T.I. Ndivyo ilivyokuwa Morogoro enzi zetu, na nikiwasikiliza wanafunzi ninaowafundisha sasa naona mambo hayajabadilika sana. Unapewa kikopo, unakaa kwenye benchi, mtu wa maabara anachovya karatasi yake, na baada ya muda mfupi unaitwa dirishani: mkojo mchafu. Siku nyingine unaongezewa na taifodi hapo hapo. Unaandikiwa dawa, unapita famasi, unarudi darasani.

Sisemi U.T.I. haipo. Yangu ya mwaka ule ilikuwepo kwelikweli. Kila nikienda haja ndogo nilikuwa nauma meno. Tabibu wa zahanati, kijana mpole aliyependa kueleza mambo, aliandika kwenye daftari langu nitrofurantoini ya miligramu 100, nimeze baada ya chakula. Alinionya jambo moja: mkojo ungebadilika rangi uwe kama chai ya rangi, nisishtuke. Nilimshukuru. Dozi ile niliimaliza, maumivu yakaisha, maisha yakaendelea.

Aliandika dawa sahihi, na leo ningekuwa tabibu pengine ningeandika hiyo hiyo. Nitrofurantoini imekuwa sokoni tangu 1953 na bado inaheshimiwa. Ukiimeza haikai sana kwenye damu. Figo huichuja haraka na kuirundika kwenye kibofu, mahali hasa inapotakiwa. Kwa sababu hiyo bakteria wengi wa mkojo hawajaizoea, wakati dawa nyingine nyingi wamezishinda. Wajawazito nao huandikiwa, isipokuwa wakikaribia kujifungua. Bei yake mwanafunzi anaimudu. Ukimtafuta mkosaji katika kisa hiki, usianzie kwenye kidonge.

Miezi kadhaa baadaye U.T.I. ikarudi, na tabibu mwingine akaniandikia dawa ile ile. Sikuona ajabu yoyote, kwani si ndiyo iliyoniponya?

Siku ya pili ya dozi, jioni, nilikuwa napanda ngazi za bweni nikajikuta nimesimama katikati, mkono ukutani. Nilidhani ni njaa. Usiku nikatetemeka mpaka mwenzangu wa chumba akashuka kitandani kwake na kunifunika kanga zake zote. Kikohozi kilikuja kikavu, hakitoi kitu, kinakata tu pumzi katikati. Asubuhi nikameza kidonge changu kama kawaida, na panado mbili kwa ajili ya homa. Kufika mchana sikuweza kumaliza sentensi bila kuhema. Wenzangu walinipakia kwenye bajaji.

Hospitalini sista alinibana kidole na kile kipimo kidogo cha oksijeni, akakitazama, akakitoa, akakibana kwenye kidole kingine. Kikasoma 86 tena. Hapo hapo nikawekewa oksijeni. Picha ya kifua ilionyesha ukungu sehemu za chini za mapafu yote mawili. Kijana, homa kali, kikohozi, ukungu kwenye picha: nani asingesema nimonia? Wakanichoma seftriaksoni na kuniambia dawa nilizotoka nazo nyumbani niziache kwanza. Zilikuwa hosteli hata hivyo, kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda.

Nikapata nafuu haraka kuliko walivyotarajia. Homa ilishuka, pumzi ikarudi, nikaanza kuulizia chipsi. Sifa zote zilikwenda kwa sindano. Nikaruhusiwa nikiwa na vidonge vya kumalizia nimonia na maelekezo kwamba ile dozi yangu ya mkojo nayo niimalizie, maana dozi haikatizwi. Maneno hayo sote tumelelewa nayo. Yamebandikwa kwenye kuta za zahanati zote nilizowahi kuingia, na yana maana yake.

Usiku ule nilikunywa uji, nikameza kidonge. Kabla ya alfajiri nilikuwa nimerudi kwenye oksijeni, safari hii katika hospitali kubwa zaidi.

Mtu akirudi na nimonia siku chache baada ya kutibiwa nimonia, daktari wa Tanzania huanza kufikiria TB, na ana haki. Nikahamishiwa kitanda cha pembeni, karibu na dirisha. Mama alifika kutoka Kilosa, na kabla hajanisalimia akapewa barakoa avae. Alikaa kwenye stuli akaanza kuhesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, nani katika ukoo aliwahi kukohoa. Nikatakiwa nitoe makohozi. Makohozi nilikuwa sina. Nilitema mate, maabara wakayakataa. Nikatema tena, wakayakataa tena. Picha ya damu ikaonyesha kwamba chembe nyeupe zinazoitwa eosinofili zimepanda sana, na daktari kijana wa zamu akaagiza nipewe albendazoli, dawa ya minyoo.

Kuna watu nikiwasimulia hapa hucheka. Mimi sicheki. Katika nchi hizi eosinofili zikipanda, minyoo ndiyo hushukiwa kwanza, na mara nyingi shutuma ni ya haki. Tena wapo minyoo ambao mabuu wao hupitia mapafuni wakiwa njiani kwenda tumboni, na wakipita humo mtu hukohoa, hupata homa, na picha yake huonyesha ukungu. Yule kijana alikuwa anafikiri vizuri. Alikosa habari moja tu, nayo ilikuwa kwenye mfuko wa rambo.

Mfuko ule mama alikuwa ameupitia hosteli akidhani ndani kuna nguo. Aliyeufungua ni sista mmoja mtu mzima wa zamu ya usiku, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wodi ilikuwa imetulia. Alikuwa anatafuta kijiko cha kunipimia dawa ya maji, akakutana na vidonge. Akavitandaza kimoja kimoja juu ya shuka: panado, dawa ya kichefuchefu, vitamini, na ile pakti ya nitrofurantoini iliyobonyezwa nusu.

“Hiki ni cha nini, mwanangu?”

“Cha mkojo, sista.”

“Ulianza kumeza lini?”

Nikamwambia. Akahesabu matundu yaliyo wazi kwenye pakti, akavuta chati yangu ya joto iliyoning'inia miguuni pa kitanda, akaziweka mbili hizo sambamba chini ya taa.

“Siku uliyoletwa mara ya kwanza, asubuhi ulimeza?”

“Ndiyo.”

“Wodini kule ulimeza?”

“Hapana, nilikuwa nimeziacha hosteli.”

“Na ulivyoruhusiwa?”

“Nilimeza usiku, saa mbili, baada ya uji.”

“Kutetemeka kulianza saa ngapi?”

“Kwenye saa sita hivi.”

Hakusema kitu. Aliandika saa hizo pembeni mwa faili, akaiweka ile pakti kwenye trei ya chuma, akaifunika kwa pamba ili mtu asije akanipa. Daktari bingwa alipopita asubuhi, akasoma maandishi ya pembeni, akaniuliza maswali yale yale upya, kisha akageuka kwa wanafunzi wake wa udaktari na kuwauliza dawa ile inaweza kufanya nini kwenye mapafu. Wote wakatazama viatu. Mimi mwenyewe nilikuwa natazama dari, nikijiuliza dawa ya mkojo imefuata nini kifuani.

Dawa ikasimamishwa. Nikapewa prednisoloni kwa siku chache, ile ya kutuliza mwili unapojishambulia wenyewe, na antibayotiki zikaondolewa. Oksijeni nikaiacha upesi. Mama akaambiwa anaweza kuvua barakoa, akaivua na kuitia kwenye mkoba. Nadhani hakuamini kabisa.

Nimesoma sana juu ya jambo hili tangu wakati ule. Sikujifunza udaktari, ni ukaidi tu wa mtu anayetaka kujua nini kilitaka kumwondoa. Jambo lililonitokea linajulikana muda mrefu. Mwaka 1962, katika jarida la New England Journal of Medicine, madaktari wawili wa Marekani, Israel na Diamond, waliandika kuhusu mgonjwa ambaye mapafu yake yalijaa ukungu na maji kila alipopewa nitrofurantoini, yakasafika ilipoondolewa. Mwili hukutana na dawa mara ya kwanza, unaivumilia, lakini unaiweka katika daftari la maadui. Ikirudi, chembe za ulinzi humiminika kwenye vifuko vya hewa mapafuni pamoja na majimaji, na oksijeni hukosa mlango wa kuingilia kwenye damu. Anayeanza dozi kwa mara ya kwanza huchukua siku kadhaa, pengine wiki moja au zaidi, kabla ya kuugua. Aliyekwisha kuizoea vibaya huugua upesi zaidi, wakati mwingine ndani ya saa chache. Ipo na sura nyingine ya pole pole, kwa wanaoimeza miezi au miaka ili kuzuia U.T.I. isirudi: hao mapafu hujenga makovu kidogo kidogo, na makovu yakishakuwepo si rahisi kuyafuta.

Takwimu iliyonishangaza zaidi ni ya Sweden. Kati ya 1966 na 1976, kamati ya nchi hiyo inayopokea taarifa za madhara ya dawa iliandikiwa visa 447 vya mapafu kudhuriwa na nitrofurantoini peke yake. Nchi ndogo, dawa moja, kiungo kimoja. Waswidi hawakuumbwa na mapafu mabovu kuliko yetu. Wana mazoea ya kuandika. Daktari akimwona mgonjwa wa namna hiyo hakomi kwenye kumtibu, anajaza na karatasi, na karatasi zikikusanyika, wenzake watatu mjini wanajua cha kutazama. Yule sista wangu alinijazia fomu ya njano, ile inayokwenda kwa mamlaka ya dawa, TFDA kwa wakati ule na TMDA sasa. Alinieleza kwamba aliitoa kwenye droo iliyokuwa na rundo zima la fomu hizo, zote tupu.

Kuna kisa kingine, kibaya kuliko changu mara nyingi, na kinahusu dawa ambayo kila nyumba ya Afrika Mashariki inaijua.

Jenna Miller ni daktari wa watoto mahututi katika hospitali ya Children's Mercy, Kansas City, Marekani. Mwaka 2019 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Pediatrics habari za vijana watano waliokuwa wazima kabisa, kisha mapafu yao yakashindwa kazi. Walipimwa virusi, bakteria, fangasi, magonjwa ya mwili kujishambulia, hakuna kilichopatikana. Kilichowaunganisha kilikuwa kwenye orodha ya dawa walizokuwa wakimeza: mchanganyiko wa trimethoprimu na salfamethoksazoli, kotrimoksazoli kwa jina moja. Sisi tunaiita Septrin. Dawa hii huko huandikwa kwa mambo ya kawaida ya ujana kama chunusi na U.T.I.

Mimi dawa iliposimama nilipona. Hawa dawa iliposimama hawakupona. Walioliangalia pafu lao kwa darubini walikuta vifuko vya hewa vimeumia na utando wake hauoti upya kama unavyopaswa kuota, kwa hiyo kidonda kinabaki wazi wiki baada ya wiki. Baadhi walifungwa kwenye mashine ya ECMO, inayovuta damu nje ya mwili, kuitia oksijeni na kuirudisha. Katika visa vilivyokusanywa na kundi hilo wapo waliofariki, na wapo waliopandikizwa mapafu ya mtu mwingine. Baadaye watafiti hao waliwapima vinasaba baadhi ya vijana na kuwakuta na alama ya kurithi inayoitwa HLA-B*07:02, iliyo sehemu ya mfumo ambao mwili hutumia kutofautisha cha kwake na cha kigeni. Si kila mwenye alama hiyo ataugua. Wenye alama hiyo ni wengi mno, na walioumia ni wachache sana. Lakini maandishi ya onyo yanayoambatana na dawa hiyo Marekani sasa yanataja wazi madhara makubwa ya mapafu, ikiwemo kushindwa kupumua.

Linalonishika katika kisa cha Kansas City ni kwamba Septrin ilikuwa imetumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Nusu karne. Mabilioni ya vidonge. Haiwezekani kwamba vijana hao watano walikuwa wa kwanza duniani. Wa kabla yao waliandikiwa kitu kingine kwenye cheti cha kifo.

Na hapa kuna jambo ambalo sisi wa upande huu tungepaswa kulijua kuliko wengi. Salfa tunaifahamu. Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini na kuifanya SP, ambayo kama Septrin ina salfa ndani yake, kuwa dawa ya kwanza ya malaria, mpaka dawa ya mseto ilipoanza kuchukua nafasi yake mwishoni mwa 2006. Katika miaka hiyo karibu kila mtaa ulikuwa na habari ya mtu aliyemeza SP akababuka ngozi, midomo ikachanika, macho yakafumba. Mpaka leo mama wa Kimorogoro asiyejua kusoma atakwambia mwanawe “ana aleji na salfa”, na atalisema dirishani kabla hajaulizwa. Kenya nako walilipa ada yao: mwaka 1991 watafiti walioshughulika na wagonjwa wa TB mjini Nairobi walionyesha kwamba thiasetazoni, dawa ya bei nafuu iliyotegemewa Afrika nzima, iliwadhuru ngozi wagonjwa wenye VVU kiasi cha mmoja kati ya watano. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaonya isitumike kwa watu hao. Elimu hiyo ilitoka hapa, kwa wagonjwa wa hapa.

Lakini yote ni elimu ya ngozi. Ngozi hujitangaza. Mtu akibabuka, mama yake, jirani na muuza duka wote wanajua kwamba ni dawa, na wanajua ni ipi. Pafu halijitangazi, linaigiza. Linaigiza nimonia, linaigiza TB, linaigiza pumu, tangu juzi juzi linaigiza na Uviko, na kwa sababu magonjwa hayo yote tunayo kwa wingi, maigizo yake hayashtukiwi. Mbaya zaidi, mgonjwa akilazwa mara nyingi dawa zake za nyumbani husimamishwa, anapata nafuu, na sindano ya wodini inabeba sifa isiyo yake.

Kijana naye ana tatizo lake la ziada. Mapafu yake yana akiba. Anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kupumua huku bado anatembea, anajibu ujumbe wa simu, anakwambia “niko poa”. Akianza kuhema mbele ya watu, akiba imekwisha. Tena vijana hawajihesabu kuwa watumiaji wa dawa. Mzee wa presha ukimuuliza anameza nini atakutolea orodha ndefu na mfuko wenyewe. Kijana atasema “situmii dawa yoyote”, huku ana ya chunusi, ya mkojo, ya maumivu ya hedhi, ya kutuliza moyo kabla ya mtihani. Hadanganyi. Kwake hizo hazijafika daraja la dawa.

Hiyo ya kutuliza moyo nisiiache ipite. Propranololi ni dawa ya presha na mapigo ya moyo ambayo wanafunzi hupeana mikononi ili mikono isitetemeke wakati wa kuwasilisha kazi darasani. Kwa mwenye pumu inaweza kuziba njia ya hewa ghafla, na kuifanya dawa ya kuvuta ishindwe kumwokoa. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni nazo huwaletea baadhi ya wenye pumu shambulio kali ndani ya saa moja au mbili. Nilisoma na msichana ambaye kila mwezi alibanwa kifua siku zake zikifika, na bweni zima likaamini kwamba hedhi ndiyo inayoamsha pumu. Alikuwa anameza diklofenaki ya tumbo. Hilo alilijua akiwa ameshaajiriwa, na hata hivyo ni kwa sababu daktari wa meno alimuuliza kabla ya kumwandikia hiyo hiyo.

Nimeshikilia swali la yule sista mpaka watu wa nyumbani wananikimbia. “Unameza nini?” ni nusu yake tu, na hiyo nusu hospitali nyingi huuliza, tena kwa haraka, huku kalamu imeshafika mstari unaofuata. Nusu ya pili ndiyo iliyonitoa kitandani: ulianza lini, uliacha lini, ukarudia lini, na homa ilikuja saa ngapi. Dawa na dalili zikiwekwa kwenye mstari mmoja wa saa, hata mtu asiye daktari anaona. Hakuna mashine inayohitajika, wala fedha. Inahitajika pakti yenyewe, kwa sababu majina ya dawa ni magumu na “kile cha njano” hakimsaidii mtu. Pakti tupu usizitupe mpaka dozi iishe na wiki mbili zipite juu yake. Wanafunzi wangu wananicheka kwa hili, lakini nimeshawaona wawili watatu wanazipiga picha kwa simu.

Ukishajua dawa iliyokudhuru, jina lake liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa herufi kubwa. Langu limeandikwa hivyo. Muuza duka mmoja wa dawa pale Msamvu aliwahi kubishana nami, akasema dawa hiyo haina madhara, anaiuza kila siku. Nikamwambia na mimi nakubali, mpe mwingine.

Sasa nifike kwa shangazi, kwa sababu ndiye aliyenifanya niandike haya.

Shangazi yangu anahudhuria CTC, kliniki ya wenye VVU, kwa miaka mingi na Septrin ameimeza kila siku kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Wa umri wangu wanaokumbuka hali ilivyokuwa kabla ya dawa za kufubaza VVU kusambaa wanajua Septrin ilifanya nini. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS walishauri watu wazima na watoto wenye VVU Afrika wapewe. Zambia watafiti waliwagawa watoto wenye VVU, wengine wakapewa Septrin na wengine kidonge kisicho na dawa. Utafiti ukabidi usimamishwe mapema kwa sababu waliokuwa wakiipata walikuwa wanafariki kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 43. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Kidonge cha bei ya chini kabisa, kilichokuwepo kwenye kila zahanati. Ukiniuliza niitaje dawa moja iliyozika watu wachache kuliko ilivyookoa, nitaitaja hiyo bila kufikiri.

Kwa hiyo aliponipigia simu akasema ametumiwa sauti ya WhatsApp, mtu anaapa kwamba Septrin inaozesha mapafu na watu waitupe, nilikaa chini. Maana mwenye sauti ile hakuwa anadanganya moja kwa moja. Alichukua vijana wa Kansas City akawageuza kuwa kila mtu.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Nijibu hilo kwanza. Nizitupe?”

Nikamwambia asitupe. Nikamweleza kwamba wale vijana waliugua ndani ya siku na majuma ya mwanzo, na yeye ameshapita huko miaka mingi. Kwamba mtu anayeanza dawa mpya kisha akapata homa, kikohozi kikavu na pumzi fupi ndiye anayetakiwa kukimbia hospitali akiwa na pakti mkononi. Na kwamba kuendelea au kuacha Septrin ataamua na watu wa CTC, maana wapo wanaoachishwa kinga ikishapanda na virusi vikishafubaa, lakini huachishwa na daktari, hawaachishwi na sauti ya WhatsApp.

Akanyamaza akiyapima maneno.

“Sasa nikikohoa, niseme Septrin?”

“Useme zote, shangazi. Kila unachomeza, na siku ulipokianza.”

“Zote zote?”

“Zote.”

“Hata ile ya mizizi ninayochemsha asubuhi?”

“Ipi hiyo?”

“Ya mgongo. Nimeanza tangu Pasaka. Sista wa CTC hana habari nayo, atanigombeza.”

Nikamwambia agombezwe tu, na chupa aende nayo. Akasema kliniki yake ni Jumanne, na kwamba chupa ni kubwa, atamimina kidogo kwenye ile ya soda.